Uhamie mji gani Marekani? Mwongozo kamili wa kuchagua kabla ya kufunga mizigo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani, swali hili halikosi: "Jamani, mji gani mzuri wa kuishi?" Aliyeko Dallas atajibu Dallas. Aliyeko Seattle atasema joto la Texas halikaliki. Aliyeko Minneapolis atatuma picha ya theluji na kusema mtazoea. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaeleza maisha yake mwenyewe. Aliyeuliza huenda ana watoto watatu, mke wake ni muuguzi, hajawahi kuendesha gari, na ana mama anayemtegemea kule Tabora. Hayo hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari ana haki ya kuishi na kufanya kazi Marekani, au yuko huko na anataka kuhama jimbo. Mambo ya viza siyagusi. Ninachotaka ni kukupa njia ya kuchuja miji kwa hesabu na kwa hali yako, kwa sababu nimeona familia nyingi zikifuata jina la mji na kuishia kufanya kazi mbili mbili ili tu kulipa pango.

Hatua ya kwanza: andika hali yako, si ndoto yako

Chukua karatasi. Andika kazi utakayoweza kuipata ndani ya miezi mitatu ya kwanza, si ile uliyosomea. Andika idadi ya watu utakaoishi nao, umri wa watoto, kama una leseni ya udereva, kama una akiba ya miezi mingapi, na kiasi unachotuma nyumbani kila mwezi. Hicho cha mwisho watu hukisahau, kisha kinawavurugia hesabu zote. Andika pia nani atakupokea. Karatasi hii utairudia kila hatua.

Hatua ya pili: kazi na leseni yake

Marekani haina mshahara mmoja. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu mwaka 2009, na Texas, Georgia, Tennessee, Iowa, Kentucky na Pennsylvania bado zinakitumia hichohicho. Jiji la Seattle limevuka dola 20. Usikimbilie Seattle kwa kusoma sentensi hiyo, hesabu yake inakuja. Na usiiogope Texas pia, maana maghala na hospitali nyingi huko hulipa mara mbili ya kima hicho au zaidi.

Kama wewe ni muuguzi mwenye cheti cha nyumbani, jimbo ni muhimu kuliko jiji. Kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi na masharti yake ya kupima vyeti vya nje kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Halafu yapo majimbo yaliyoungana kwenye mkataba wa leseni moja: ukipata leseni ya Texas, Ohio, Kentucky, Iowa, Georgia, Maryland au Washington ukiwa mkazi wa huko, unaweza kufanya kazi katika majimbo mengine ya mkataba bila kuanza upya. California, New York, Illinois na Minnesota hazimo. Kwa mtu ambaye bado hajui atatulia wapi, ningemshauri aanzie jimbo lililomo kwenye mkataba, hata kama mshahara wa kwanza utakuwa mdogo kidogo.

Wengi wetu huanza na usaidizi wa wauguzi, CNA, au kulea wazee majumbani. Kazi hiyo ipo kila mji, kwa hiyo haikulazimishi kwenda popote. Miji mingine hospitali ndizo zinazoibeba: Houston ina Texas Medical Center, eneo kubwa kuliko yote duniani kwa huduma za tiba, Cleveland ina Cleveland Clinic, Rochester, mji mdogo wa Minnesota, umejengwa kuizunguka Mayo Clinic. Madaktari waliosomea nje waifuatilie Tennessee, ambayo mwaka 2023 ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria ya kuwafungulia njia ya leseni ya muda bila kurudia mafunzo yote ya vitendo ya udaktari hospitalini (residency).

Kwa kazi za maghala na mizigo, angalia ramani ya ndege za mizigo. Makampuni makubwa ya kusafirisha mizigo ni mawili: UPS ina kituo chake kikuu Louisville, Kentucky, na FedEx ana chake Memphis, Tennessee. Louisville ina jambo moja zuri ambalo vijana wengi hawalijui: upo mpango wa muda mrefu ambapo anayefanya shifti ya usiku UPS hulipiwa ada ya chuo. Ni kazi ya kuchosha, kupakua mizigo saa nane za usiku, lakini kijana wa miaka 19 asiye na mkopo wa shule ni kijana aliyeanza vizuri.

Madereva wa malori wanaweza kuishi karibu popote palipo na barabara kuu, kwa hiyo wachague pango nafuu. Wajue tu kwamba sheria inamtaka dereva awe na Kiingereza cha kusoma alama za barabarani na kujibu maswali ya maofisa, na ukaguzi umekazwa.

Mishahara usiichukue kwa mdomo wa mtu. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani, BLS, huchapisha bure mshahara wa kila kazi kwa kila eneo la jiji. Tafuta kazi yako, angalia mshahara wa katikati, uandike.

Hatua ya tatu: hesabu ya kinachobaki

Hapa ndipo uamuzi unapopatikana, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza ujue kanuni ya wenye nyumba. Makampuni mengi ya apatimenti yanataka kipato chako kabla ya makato kiwe mara tatu ya pango. Msaidizi wa wauguzi anayelipwa dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki, anapata takriban dola 3,290 kwa mwezi. Gawa kwa tatu: dola 1,097. Apatimenti ya dola 1,400 hatapewa hata kama yuko tayari kushinda njaa ili ailipe. Ndiyo maana Boston, ambako chumba kimoja na sebule hupita dola 2,000 kwa urahisi, mtu wa kipato hicho lazima aishi na wenzake. Na kwa mgeni kuna kikwazo kingine, historia ya krediti, yaani rekodi yako ya kukopa na kulipa madeni. Alama zake huanzia 300 hadi 850, na wewe unafika huna hata moja. Baadhi ya wenye nyumba watakubali ulipe amana kubwa zaidi au ulete mdhamini. Wengine watakataa kabisa. Wenye nyumba binafsi, hasa wa miji ya kati kama Columbus (Ohio) au Des Moines (Iowa), huwa wepesi kuzungumza kuliko makampuni.

Sasa tuwaweke mume na mke wenye watoto wawili katika miji miwili. Bei nilizoweka ni za mfano. Wewe weka za kwako kutoka tovuti za nyumba kama Zillow au Apartments.com.

Columbus, Ohio, wote wawili wanalipwa dola 19 kwa saa. Kabla ya makato wana takriban dola 6,590 kwa mwezi. Serikali kuu inachukua asilimia 7.65 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), kisha kodi ya mapato. Jimbo la Ohio linachukua lake. Halafu jiji la Columbus lenyewe linakata asilimia 2.5. Kodi hiyo ya jiji huwashtua watu kwenye hati ya kwanza ya mshahara, na Philadelphia, Louisville na New York nazo zinayo ya kwao. Mkononi zinabaki kama dola 5,300. Toa bima ya afya ya kazini, tuseme 500. Pango la nyumba ya vyumba vitatu 1,700, umeme, gesi na maji 250, simu na intaneti 150, magari mawili na bima na mafuta 900, chakula 900. Zinabaki dola 900.

Seattle, wanalipwa dola 21 kwa saa. Jimbo la Washington halikati kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo baada ya makato mengine wana kama dola 6,100. Bima ya afya 500. Pango la vyumba vitatu 3,000, umeme na maji 200, simu na intaneti 150, magari 1,000, chakula 1,050. Zinabaki dola 200.

Mshahara mkubwa zaidi, jimbo lisilokata kodi ya mapato, na bado kila mwezi wanabakiwa na dola 700 pungufu kuliko wa Columbus. Hii ndiyo sababu watu wetu wengi wanaosema "niko Seattle" kwa kweli wako Kent, Federal Way au Tacoma, ambako pango linapungua na safari ya kazini inarefuka.

Kwenye mfano huo sijaweka kituo cha kulelea watoto. Mtoto mmoja mdogo anaweza kula dola 1,000 au zaidi kwa mwezi, na hapo Columbus nayo inaingia kwenye hasi. Familia nyingi za Kiafrika hulitatua hili kwa shifti: baba anarudi saa moja asubuhi akitoka usiku, mama anampa mtoto mlangoni, anaondoka. Wanaonana Jumapili. Kama una mama mkwe, shangazi au jirani wa kuaminika katika mji fulani anayeweza kukaa na watoto, mpe mji huo dola 1,000 za ziada kwenye hesabu yako, kwa maana ndivyo ilivyo.

Na usidanganyike na "jimbo lisilo na kodi". Texas, Florida, Tennessee, Nevada na Washington hazikati mshahara, lakini fedha huzipata kwingine. Tennessee, kodi ya mauzo dukani inakaribia asilimia 10, na hata chakula hakikwepi. Texas, siku utakaponunua nyumba ya dola 300,000, kodi ya nyumba inaweza kupita dola 5,000 kwa mwaka, kila mwaka, hata baada ya kumaliza mkopo.

Hatua ya nne: gari au treni

Jiulize kama utaweza kumudu gari mwezi wa kwanza. Kama huwezi, orodha yako inakuwa fupi sana: New York, Chicago, Philadelphia, Boston na Washington DC, yaani jiji kuu, si jimbo la Washington. Treni za New York zinatembea saa 24, jambo kubwa kwa anayetoka shifti usiku wa manane. Kati ya hiyo mitano, Philadelphia ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye kipato cha kawaida, kwa sababu pango lake liko chini ya wenzake. Houston, Dallas, Atlanta, Columbus na Louisville, bila gari utakuwa mfungwa wa lifti za watu. Dallas ina treni, ila ghala utakalopangiwa huenda liko kilomita 10 kutoka kituo cha mwisho.

Bima ya gari inabadilika kwa anwani, si kwa jimbo tu. Kabla ya kusaini pango, ingiza anwani hiyo kwenye tovuti ya bima uone bei. Detroit pango ni nafuu, lakini Michigan iko miongoni mwa majimbo yenye bima ghali kabisa, na leseni mpya inaipandisha zaidi.

Hatua ya tano: watu

Kuna wanaosema "mimi sitaki kukaa na Waafrika wenzangu, nataka kujifunza maisha." Nawaelewa, umbea upo. Lakini kila jumuiya yetu huko imewahi kuamka na ujumbe kwamba mtu amefariki, na mwili unatakiwa kufika nyumbani. Gharama ni maelfu ya dola, na mjane hana hata nauli. Ndani ya siku chache mtu amekaa na daftari la michango, mwingine anafuatilia karatasi ubalozini, kina mama wanapika pilau nyumba ya msiba kwa zamu. Mji usio na watu wa kufanya hivyo ni mji wa upweke wa aina ambayo hutaiona ukiwa mzima. Kwa furaha ni hivyohivyo: harusi, arobaini, ubarikio, futari.

Waswahili wako wapi? Wakenya ni wengi Dallas na vitongoji vyake, Atlanta upande wa Marietta, Minneapolis, Baltimore, eneo la Seattle, na Lowell kule Massachusetts. Watanzania utawakuta Houston na eneo la Washington DC na Maryland, karibu na ubalozi. Wakongo na Warundi, wengi waliofika kwa mpango wa wakimbizi, wameujenga upya Uswahili katika miji ambayo nyumbani haijulikani: Louisville, Des Moines, Fort Worth, Portland ya Maine. Clarkston, kimji kidogo nje ya Atlanta, kimepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa. Columbus na Minneapolis zina Wasomali wengi sana, na palipo na Wasomali nyama ya halali na msikiti haviko mbali. Minneapolis mwaka 2023 iliruhusu adhana kusikika kwa vipaza sauti kwa sala zote tano.

Njia rahisi ya kuupima mji: tafuta kwenye ramani duka la vyakula vya Kiafrika, kisha ulipigie simu. Uliza kama wana unga wa sembe, kisamvu na dagaa. Mwenye duka anayejibu kwa Kiswahili atakuambia pia kanisa lina ibada ya Kiswahili saa ngapi, nani anasuka, na nani ana chumba cha kupangisha. Simu moja ya dakika kumi inazidi video nyingi za YouTube.

Kuhusu mwenyeji wako: kama kuna ndugu aliye tayari kukukaribisha miezi miwili au mitatu, mji wake uwe juu kwenye orodha hata kama si mji bora. Anwani ya kupokelea barua, mtu wa kukufundisha kuendesha gari upande wa kulia, na usiku wa kwanza usio wa hoteli, vyote vina thamani. Ila kubalianeni mapema, kwa maneno, utakaa muda gani na utachangia nini. Mji wa mwenyeji ni wa kuanzia. Hujafungwa kubaki hapo.

Hatua ya sita: hewa, mafuriko na giza

Baridi ya Minneapolis ni ya kweli. Wastani wa Januari uko karibu nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi, na siku zinazoshuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri zipo. Watu wanaishi, magari yanawaka, shule zinafunguliwa. Unahitaji koti la kweli, buti, na bajeti ya gesi. Kinachowachosha wengi ni giza. Seattle haina theluji nyingi, lakini Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na mawingu hayaondoki kwa wiki. Kama unajijua una moyo mzito wakati wa mvua, lizingatie hili kwa uzito uleule wa pango.

Joto nalo lina bei. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 au zaidi. Kiyoyozi huko ni uhai, na bili yake inakuja.

Houston izingatie mafuriko. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha nyumba nyingi zilizokuwa nje ya maeneo yaliyotajwa kuwa ya hatari, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ramani za FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, ni bure: unaingiza anwani, unaona rangi. Na Februari 2021 baridi kali iliwazimia umeme mamilioni ya watu Texas, zaidi ya watu 200 wakafa. Mwenye Texas awe na blanketi na maji ya akiba.

Hatua ya saba: mtaa na shule

Mtu hahamii jiji, anahamia mtaa. Jiji lenye sifa mbaya lina mitaa tulivu, na lenye sifa nzuri lina kona ambazo hutaki mwanao apite. Idara nyingi za polisi zina ramani ya uhalifu mtandaoni; angalia mtaa wako kwa miezi 12. Pita hapo saa nne usiku, au mwombe aliyeko huko apite. Taa za maegesho zinawaka? Jalala limemwagika? Apatimenti yenye lifti mbovu na matangazo mapya kila wiki ya "mwezi wa kwanza bure" inakueleza kwamba wapangaji hawakai.

Shule ya umma ni bure, lakini mtoto husoma shule ya anwani yenu, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi za nyumba za eneo hilo. Kwa hiyo mitaa miwili iliyotenganishwa na barabara moja inaweza kuwa na shule tofauti kabisa. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado, uliza shule ina walimu wangapi wa kuwafundisha wageni. Des Moines na Louisville zimezoea watoto wa Kiswahili, na hilo humpunguzia mtoto machozi.

Mwenye kijana wa kidato cha mwisho asihamehame. Vyuo vya umma hutoza wakazi wa jimbo ada ya chini sana kuliko wageni, na ukazi kwa kawaida huhesabiwa baada ya miezi 12. Kuvuka jimbo mwezi Juni kabla ya chuo kunaweza kukugharimu maelfu ya dola.

Hatua ya nane: miji mitatu, kisha mmoja

Sasa karatasi yako iwe na miji mitatu tu, na kila mmoja uwe na kiasi kinachobaki mwisho wa mwezi, jina la mtu mmoja wa kumpigia simu, na jambo moja unaloliogopa. Kama huna sababu ya pekee, maoni yangu ni haya. Familia yenye watoto na kazi za kawaida ianze kuangalia Columbus, Louisville na Des Moines. Muuguzi mwenye leseni ya mkataba aziangalie Houston na Dallas. Kijana asiye na gari aangalie Philadelphia. New York, Boston na Los Angeles ni miji mizuri ya kutembelea, na ya kuishi kama una taaluma inayolipwa vizuri huko hasa.

Nenda ukae kwa wiki moja kabla ya kuhamisha familia, na usiende mwezi mzuri. Minneapolis itembelee Januari, Houston itembelee Agosti. Panda basi asubuhi. Nunua vyakula vya wiki. Endesha njia ya kazini saa ambayo kila mtu anaenda kazini.

Mkataba wa kwanza wa pango usizidi mwaka mmoja, na usome kifungu cha adhabu ya kuvunja mkataba kabla ya kusaini. Usitume amana kwa nyumba ambayo wewe au mtu wako hajaingia ndani. Matangazo ya nyumba za uongo ni mengi, na hulenga wageni. Usinunue nyumba mwaka wa kwanza. Katika mwaka huo jenga krediti kwa kadi ndogo unayoilipa yote kila mwezi, ili siku ukitaka kuhamia mji wa pili uwe na uchaguzi halisi.

Ukishahama, kuna kazi ndogo zisizosubiri. Asiye raia lazima aijulishe idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11 mtandaoni, na kila mwanafamilia ana yake, watoto wakiwemo. Posta waombe wakuhamishie barua kutoka anwani ya zamani. Leseni ya udereva ibadilishe kwa muda wa jimbo jipya: Washington na Georgia hutoa siku 30, Texas 90. Kadi za chanjo za watoto zikae kwenye begi la mkononi, usiziweke kwenye lori la mizigo, kwa sababu shule itaziuliza siku ya kwanza.